Mizinga Kumi na Miwili

Mimi karani wa masijala, hapa Sikonge.
Watu huingia na majina ya kwao,
hutoka na majina ya kanuni.

Rashidi Kapalata, mwuza mabati,
aliingia na kisukari na hasira;
nikamwandika Mshika Tuzo.
Akacheka: "Nimeshika nini, bwana?
Mwaka wa tatu huu nimeshika karatasi."

Lugembe Nsimbila, aliyekopa bando sita
akaezeka bani la tumbaku, tumbaku ikaoza,
nikamwandika Mdaiwa.
Hakusema kitu. Aliitazama kalamu
kama mtoto anavyoitazama sindano.

Hati ikatoka, muhuri haujakauka,
dalali akaingia porini na pikipiki mbili
akakamata mizinga arobaini.
Na mzinga hukamatwa hivi:
unasimama mbali na mninga,
unahesabu kwa kidole, unaandika,
unakimbia.

Ndipo akaja Nyamizi,
viatu mkononi kwa ajili ya tope.
"Kumi na miwili ni yangu."
"Wewe ni nani katika shauri hili?"
"Mke wa Lugembe."
Nikapitisha kidole kwenye kanuni. Mke hayumo.
Yumo aliyeshinda, yumo aliyeshindwa,
na wa tatu, ambaye kesi haikumwita,
anayekuja kusema: mlichokishika
si cha huyo mnayemdai.
"Basi wewe ni Mpinzani," nikamwambia.
"Nampinga nani?"
"Wote wawili."
Akafikiri kidogo.
"Hata huyu nitakayempikia jioni?"

Hata huyo.

Hakimu akauliza swali lile lile la siku zote:
siku ya kukamata, mali ilikuwa mikononi mwa nani?
Wakili, katoka Tabora mjini na koti la mvua,
akasema: mikononi mwa mume.
Nyamizi akasema:
"Mheshimiwa, mzinga uko futi ishirini juu ya mti,
haukai mkononi mwa mtu.
Ila panda, utazame mfuniko:
mikato mitatu, na mmoja umekingama.
Hiyo alama ya Kalasa, baba yangu.
Aliikata kabla sijajua
kwamba duniani kuna watu wanaitwa wakwe."

Tukaenda. Mahakama nzima, watu saba,
hakimu kavaa wavu juu ya tai.
Kijana akapanda, akapaza sauti toka juu:
"Mikato ipo! Mitatu na mmoja!"
Akashuka jicho limevimba.
Mzinga wa saba ulikuwa mtupu,
masega makavu, nondo wameanza kusuka.
Nyuki walihama, labda kwa kelele za pikipiki,
labda kwa sababu zao.
Nilitafuta pa kuwaandika. Hapakuwapo.

Uamuzi: kumi na miwili iachiwe,
ishirini na minane inadiwe.
Nikachapa nakala tatu kwa vidole viwili,
wino ukaisha kwenye jina la Kapalata,
nikalimalizia kwa mkono.
Yeye alikuwa barazani, anauliza watu
asali ya huko ni ya mtundu au ya msima,
wakati daktari kamkataza.

Jioni, njia ya Tutuo, tope mpaka kwenye rimu,
nikaona baiskeli inayumba.
Mdaiwa anakanyaga,
Mpinzani yuko nyuma, viatu bado mkononi,
na mkono wa pili
kamshika kiunoni, bila hati.