Mwenye Kiti

Kaunta namba saba, Grimsby,
nimepewa kiti cha kuzunguka
na beji iliyoandikwa Kerry,
maana Mwanakheri, alisema meneja,
halienei kwenye plastiki.

Nikampigia mama: kazi nimepata, nafanya nimekaa.
Umekaa? Kwenye kiti?
Kufika Alhamisi, Chumbageni nzima
inajua mimi ni mwenyekiti.
Wa nini, hakuna aliyeuliza.

Mdogo wangu Sauda yuko Ohio, kazi hiyohiyo,
masaa manane wima kama nguzo ya umeme.
Kule ukikaa, mteja anaona umemdharau.
Basi anatabasamu, miguu imemvimba,
anawafungia mifuko watu wenye mikono yao mizima,
kila mmoja anamtakia siku njema
hadi siku yenyewe inamwishia.

Hapa hatutabasamu kiasi hicho.
“Mvua.” “Mvua tena.”
Tumeshajuliana hali.
Mwanzoni niliuliza kama nilivyolelewa:
umeamkaje, nyumbani hawajambo,
na mguu wa mzee je,
foleni ikakohoa.

Sarafu wanaziweka mezani, si mkononi.
Nilizikwangua kwa ukucha, moja moja,
nikihesabu matusi.
Kumbe hata wao kwa wao ni hivyo.
Ila yupo mmoja, wa koti la kijani:
Denise humpa mkononi, mimi mezani.
Huyo simwingizi kwenye desturi.

“Soma, mwanangu,” mama mmoja alisema, wala hakunong'ona,
“usije ukaishia hapo.”
Nikapitisha maziwa yake. Ti.
Nikapitisha mkate. Ti.
Hapa, nikawaza, ndipo wanapoishia wote,
na vikapu vyao.

Sasa zimeletwa mashine sita.
Hazina lafudhi, hazendi msalani,
zikiona kitunguu zinapiga kelele:
kitu kisichotarajiwa!
Vijana wote wamehamia huko.

Bwana Cuthbert hajahama.
Kopo moja la supu ya nyanya, kila siku moja,
ingawa manne kwa pamoja ni nafuu.
Jana sarafu zilikuwa kiganjani mwake, zina joto.
Akanyoosha mkono. Nikanyoosha wangu.
“Mwana…” akajaribu, akiitazama midomo yangu.
“Kheri,” nikamalizia.

Nikainuka kitini
nikampa risiti
kwa mikono miwili.