Bambo

Soko la nafaka, Nagaur, Novemba.
Nachoma gunia la Dhapu Devi kwa bambo:
uwele wa rangi ya jivu, wenye ukijani kidogo,
punje zimejaa, moja kama nyingine.
Natafuna. Ka! Imekauka.

Mnunuzi wa Surat anataka unga, tani arubaini.
Namwambia, bwana, chukua punje.
Punje itakungoja hadi mwakani;
unga wa uwele siku kumi tu, unachacha, unauma ulimi.
Wala usiukoboe: chuma cha damu kimo gandani,
ukilitupa umeuza wanga na jina.
Kwa mifupa ya watoto kaagize ulezi, kule kusini.
Huu ni wa baridi, wa mkate mzito na samli,
wa mtu atakayelima hadi adhuhuri
bila kuuliza cha kula.

Anaandika. Anapenda kuandika.

Gunia la saba, bambo linakwama, kisha linatoa
punje nyembamba, za manjano, zenye ncha.
"Mchanganyiko," asema, na kalamu inashusha bei.
Dhapu ashika mdomo.
Ni mbegu ya mama mkwe wake,
ya suke lenye vinyweleo vikali ambalo ndege hulikwepa;
mjukuu kaimimina humo asijue.

Sisemi kitu. Kazi yangu kuchoma na kutafuna.
Lakini jioni nafagia pale chini:
vumbi, uzi wa katani, punje mia na kitu.
Nazifunga kwenye ncha ya kilemba.

Kesho mkokoteni wake ukipita
nitasema, mama, ulisahau chenji yako.