Kiwanja Kimelala

Kaka Rwechungura, ile picha niliyokutumia, ifute.
Simu imesema uongo.
Dalali alisimama barabarani, akainamisha mkono kidogo,
na ardhi ikatandikwa mbele yangu
kama shuka la wodini.
"Kimelala, dada," akaniambia Chambuso,
"ishirini kwa thelathini, Goba hii hii,
ukisubiri Jumatatu utakuta kina mwenyewe."

Kimelala, ndiyo.
Kwa ubavu.

Magoti yalijua kabla ya macho:
kushuka, nilikimbia bila kutaka;
kupanda, nilisimama mara mbili
nikijifanya naangalia mihogo ya watu.
Nikatoa chungwa kwenye mkoba, nikaliweka chini.
Halikunisubiri.

Jumamosi nikarudi na fundi Mwinshehe
na mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani,
mita arobaini, tukaujaza kwa ndoo ya kuazima,
tukafukuza mapovu kwa kuupigapiga kucha,
maana povu moja, kasema, linatosha kukupa nyumba ya uongo.
Yeye akashika ncha ya juu, kwenye bikoni.
Mimi ya chini, penye mnyaa.
Nikaiinua hadi kifuani, maji yakamwagika.
Nikaiinua juu ya kichwa, yakanilowesha kilemba.
Tukaazima mti wa kuangulia mapapai,
tukafunga mpira kwa kamba ya kiatu,
na huko juu, karibu na waya za umeme,
ndipo maji yalipokubali kutulia.

Mita tatu kasoro.
Chumba kizima, kaka, pamoja na dari lake,
kimesimama wima ndani ya kiwanja kilicholala.

Mwinshehe akachora kwenye mfuko wa saruji.
Ukitaka sakafu moja, upande wa chini
utapanga kozi sita za tofali
kabla ukuta haujaanza kuitwa ukuta.
Kifusi, malori hata hakuyahesabu.
Nondo. Mawe. Na ukuta mwingine kule nyuma
ili udongo wa jirani wa juu
usije ukaingia sebuleni bila hodi.
"Bei uliyotajiwa ni ya majani," akasema.
"Hela yenyewe inazikwa."

Nikauliza: na maji ya paa letu, yataenda wapi?
Hakujibu. Akatazama bondeni.

Kuna nyumba pale ya bati la kijani,
mlangoni viroba vya mchanga, vya siku nyingi,
vimeshaota majani.
Mama mmoja, Siwatu, alikuwa kibarazani anapeta mchele.
Hakutusalimu. Alisema tu, ungo haukusimama:
"Nyie ni watu wa nne kuja kupima.
Wote wanapima kwao.
Sijaona aliyeshuka kupima kwangu."

Usiku ule sikulala vizuri,
na sijui kama ni kwa ajili ya hela yako au ya ule ungo.

Nikampigia Chambuso: tuonane siku ya mvua.
Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
"Dada, nani ananunua kiwanja na mwavuli?"
Ananipigia tangu hapo, kila siku bei inashuka,
inateremka kama lile chungwa.
Kuna mteja kutoka Kimara, anasema. Kuna mteja na gari.
Nimemwachia wateja wake.
Hela yako ipo benki, sijaigusa.

Leo saa kumi alfajiri bati la hapa Sinza likaanza kugonga,
kwanza kwa adabu, kisha kwa ngumi.
Nikavaa buti za marehemu baba, zinanipwaya,
nikatafuta bodaboda asiyeogopa matope.

Nakuandikia nimesimama kwenye bikoni,
kioo cha simu kimejaa matone, unisamehe herufi.
Chambuso hayupo. Mteja mwenye gari hayupo.
Maji yamefika kabla yangu:
mekundu, hayana haraka,
yanakatiza palepale ulipotaka chumba cha mama,
yanazunguka kona, yanapita uani,
kama mwenyeji anayemtembeza mgeni ndani ya nyumba.

Nayafuata.