Dari Lina Rangi Gani
Novemba, Hull. Saa kumi alasiri
na usiku umeshabisha hodi.
Muuzaji ananiletea flashi nene kama tofali,
anaimulikia kiganja chake:
"Hii haikosei."

Naigeuzia mgongo wa mkono wangu,
ngozi ya mama,
ngozi ya Raziki anayeolewa Jumamosi.
Pwaa!
Mkono umepakwa majivu.

Harusi ya dada nayo naikumbuka:
gauni linawaka, uso haupo,
meno tu na hereni.

Naomba ile ndogo, ya mtumba,
yenye shingo inayogeuka.
Naielekeza juu.
Mwanga unapanda, unagonga dari,
unashuka taratibu
kama mgeni aliyevua viatu mlangoni.
Mkono ni wangu tena.

Kabla ya kuuliza bei nampigia Raziki:
huo ukumbi wenu,
dari lina rangi gani?