Bawaba

Baba alikuwa fundi milango, Zamora, nyuma ya soko.
Mama alikuwa hasira.
Kwa Kihispania chetu mtu akikuudhi husemi amekuudhi,
unasema amekung'oa kwenye bawaba:
me sacas de quicio, Saturnino, me sacas de quicio,
na baba, mdomo umejaa misumari,
anaitika kwa pua: mm.

Nilidhani mama kweli ana skrubu mahali,
begani labda, chini ya sweta ya kahawia,
na siku moja atang'oka wima
aegemezwe ukutani
kama mlango wa mteja unaosubiri rangi.

Alilaani maziwa.
Alilaani bahari, ambayo hajaiona hadi leo.
Alilaani kumi, ndiyo, namba kumi,
kwa kuwa kwetu kumi inatamkwa jirani na Mungu,
na Mungu mwenyewe hatukanwi mezani.
Kisha akapakua dengu,
mnofu mkubwa akamtilia baba.

Hofu, kwetu, mtu anayo, kama alivyo na funguo.
Hasira hupewa. Me da rabia:
inanipa kichaa, kichaa kilekile cha mbwa,
na sarufi haikulazimishi kumtaja mtoaji.

Baba alikufa Februari, maji yameganda bombani.
Mama hakulia.
Lia, Visitación, alisema Casilda wa ghorofa ya pili, lia upumue.
Me da rabia.
Nini kinakupa?
Mama akaunyoshea kidole mlango wa jikoni,
ule ambao fundi aliahidi kuutengeneza
miaka kumi na tisa,
unaokwaruza sakafu mpaka umechora nusu mwezi.

Aprili nikaja na bisibisi na randa ya marehemu.
Skrubu mbili zilikuwa tayari kiganjani.
Usiuguse, akasema,
kwa sauti ndogo nisiyoijua,
haina maziwa, haina bahari, haina kumi.

Nikazirudisha, moja moja.

Usiku, kitandani mwangu mwa utotoni, nikasikia
mlango unakwaruza, unafunguka,
unakwaruza, unafungwa,
tena,
na mama gizani, miguu mitupu,
anautukana kwa sauti yake yote
na kuuita Saturnino.