Mizunguko Minne

Usinioneshe tena ile picha kwenye simu, Lutengano.
Nimeshaona: rimu pana, rangi ya shaba,
gari limeinama hadi linaramba lami.
Ni zuri. Sijakataa.
Lakini njoo uchuchumae hapa kwenye tope la Mwanjelwa,
shika nati kwa vidole vyako mwenyewe, uizungushe.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Imegota.

Aliyekufungia speza za milimita kumi
alikupa upana, akakunyima uzi.
Stadi ni zilezile zilizotoka na gari kiwandani,
zilipimiwa rimu nyembamba na mwenye gari mpole.
Sasa kona zote za Mlima Nyoka
zimeshikwa na mizunguko minne,
blanketi bichi kwenye kibanio kimoja, siku ya upepo.

Mwaka juzi, mteremko wa Isyonje, ukungu,
dereva mmoja aliona tairi linampita kushoto.
Akasema, "Nani tena huyo kapoteza tairi?"
Ndipo bega la gari lake likagusa lami.
Tairi likaruka mfereji, likakata shamba,
likajilaza kati ya matuta ya viazi
mbele ya Bi Sekela, aliyelitazama
akaendelea kupalilia.
Jioni alikuja gereji na bili: mashina kumi na saba.

"Basi niwekee ndefu kabisa," unasema,
unafungua kiganja:
stadi za mtu wa Mafiati,
ndefu kama kidole cha kati.
Hapo ndipo wengi wanapokwisha, ndugu yangu.
Nati zako hizi za kung'aa zina kofia.
Stadi ikizidi, kichwa chake kitagonga dari ya kofia
kabla nati haijaikumbatia rimu.
Spana italia ka!, mkono utaamini,
na tairi litakuwa halijafungwa.
Fupi angalau ukiihesabu inakiri.
Ndefu hudanganya kwa sauti ya kukazwa.

Tena angalia shingo.
Meno haya ndiyo yanayoing'ata habu;
ya hizi zako yamepwaya unene wa unywele,
stadi itazunguka pamoja na nati
kama walevi wawili wanaosindikizana, hakuna anayefika.

Nakuandikia kwenye kipande cha boksi:
uzi kumi na mbili, hatua moja na nusu.
Shingo, nimepima mara tatu
kwa sababu mara mbili za kwanza baridi ilinitetemesha.
Urefu: wa zamani, jumlisha kumi.
Kumi, Lutengano. Usiongeze ya kujipendekeza.
Basi la usiku litazileta kutoka Dar, Ijumaa ziko hapa.

Harusi ni kesho, Tukuyu?
Panda lori linaloshuka kufuata ndizi, suti iweke kwenye mfuko.
Funguo zako zinabaki kwenye ovaroli langu
pamoja na karanga.

Wananitania hapa: stadi anatafuta stadi.
Mimi Gwantwa, mtoto wa muuza mkaa wa Ilemi,
ustadi sijui. Kuhesabu najua.

Ijumaa, mvua ya kuudhi, ile isiyonyesha wala kuacha.
Nazigonga za zamani, navuta mpya hadi meno yakae,
speza, rimu, nati kwa vidole.
Nahesabu kwa Kinyakyusa, kimoyomoyo,
maana Kiswahili nikiwa na njaa naruka namba.
Kumi na kidogo.
Nati ya pili, kumi na kidogo.
Zote ishirini, na ulikuwa unapiga honi nje
kama mtu aliyezuiwa kwake.

"Kilomita hamsini, urudi nikaze tena."
"Sawa, fundi."

Hukurudi.
Jumapili nimetembea hadi kwenu Iwambi, spana begani.
Gari lina tope la Isyonje hadi kwenye vioo.
Wewe umelala, redio inaongea peke yake.
Nimepiga goti, nimezunguka magurudumu yote manne.
Nyuma kulia, nati ya tatu
ilikuwa na robo yake bado.

Sijakuamsha.
Maganda ya karanga hapo kwenye boneti
ni yangu.