Hewa Kwenye Bomba

Niliitwa Ngara, ghorofa ya tatu, kuziba sinki linalovuja.
Mwenye nyumba, Vinodrai, mdomo umempinda kushoto
tangu kiharusi. Maneno hutoka yamechechemea.
Ukutani mianzi kumi na mmoja imelazwa,
kila mmoja na matundu yake, uzi mwekundu shingoni.
Nikauliza: haya ni mabomba ya nini?
Akacheka kwa nusu ya uso iliyomsalia.

Miezi minane nikapuliza noti moja.
Sa. Sa tu.
Yeye kupuliza hawezi tena, basi anaimba,
nami naiandama sauti yake
kama mtoto aliyeshika upindo wa mamake Gikomba.
“Umeipita.” “Hujaifika.” “Hapo! Mbona umeondoka?”
Jirani wa chini aligonga dari kwa mpini wa ufagio
hadi akazoea. Siku hizi nisipokuja, anauliza.

Si ncha za vidole, Musembi, nyama ya pingili.
Tundu lifunge kama usingizi unavyofunga jicho,
ili Re iteleze hadi Ga
na ngazi isionekane.
Vidole vyangu vina makovu ya spana.
Polepole walikuwa hawajaijua.

Mchana kazi yangu ni kufukuza hewa kwenye bomba
maji ya mgao yapite.
Jioni naitafuta hewa ile ile,
nayo hunipita kama mdeni.

Januari, ukame, mwanzi mkubwa ukapasuka,
ufa kama unywele, kutoka tundu la nne hadi mwisho.
Alipigia huo ujanani. Hakusema kitu,
aliupapasa tu, kama daktari anayetafuta mshipa.
Nikafungua mkoba: tepu nyeupe, ile ya koki,
ya shilingi thelathini pale Kirinyaga Road.
Mizunguko tisa, nikiivuta, nikiilaza kwa ukucha.

Nikapuliza.
Kikatoka kwanza kile kikohozi cha mfereji
kabla maji hayajafika,
pumzi tupu,
mate,
kisha Sa,
pana, imesimama,
na kwenye ufa mkwaruzo mdogo
ambao sikuupenda na sikutaka uondoke.

Hakuimba. Alikuwa amefumba jicho moja,
lile jingine halifumbiki.
“Tena,” akasema.

Jikoni koki tuliyoiacha wazi tangu asubuhi
ikaanza kumimina, ikajaza sinki, ikamwagika sakafuni.
Mimi, fundi,
sikuinuka.